Tanuu la Maji

Langas, Eldoret
Jumapili, baada ya kanisa

Baba yangu mpendwa,

Simu unaikata. Barua haikatiki. Ndiyo maana nimenunua karatasi na kalamu mbili, moja ya kuandikia na nyingine ya kuogopesha hiyo ya kwanza isigome, nikaketi hapa mezani kama karani wa mahakama.

Naomba barua hii ikukute umeketi kwenye kile kiti chako cha kamba, umeegemea ukuta wa jikoni, na yule jogoo wako mwenye kiburi hajakuchokoza tangu asubuhi. Goti linasemaje? Kikohozi kimehama au bado ni mpangaji? Jicho sikuulizi sasa hivi. Nitalifikia. Usianze kusogeza kiti.

Na wewe Kadzo, dada yangu, najua ndiye unayesoma. Soma yote. Usiruke hata pale ninapojisifu, maana ukiruka hapo barua itakuwa fupi mno. Akisema "inatosha, nimechoka," mpe chai, halafu endelea palepale ulipoachia.

Sisi huku tuko wazima. Mkazamwanao Nelly anakusalimu sana, na hiyo sweta ya kijani uliyoipata ndani ya mfuko ameifuma kwa mikono yake. Usiseme ni ya nini Kilifi kwenye joto. Ina kazi yake, utaisikia mbele. Baridi ya Eldoret haijawahi kukutana na mtu wa pwani ikamheshimu. Asubuhi nikitoka nyumbani napumua moshi kama mtu anayevuta sigara ya bure.

Kazi ipo, Mungu ashukuriwe. Huku naitwa Mombasa. Miaka kumi na moja nawaeleza kwamba mimi ni mtu wa Mavueni, Kilifi, na Mombasa nimepita tu nikiwa kwenye basi, tena nimelala. Hawasikii. Kwao ukishavuka Nairobi kuteremka, kila kitu ni Mombasa mpaka India. "Mombasa ako wapi? Ukuta yangu imepasuka!" Basi naenda. Sijisifu, Baba, nasema tu ukweli, na kama ukweli wenyewe unanisifu mimi nitaufanyaje? Pale Elgon View, mtaa wa watu wenye mageti yanayojifungua yenyewe, hakuna mtu anayepiga lipu kama mwanao. Mbwa wao wananijua kwa jina.

Sasa sikiliza kilichonitokea, maana ndicho kilichoniketisha hapa.

Kuna mzee pale Elgon View anaitwa Mzee Kosgei. Ujanani alifanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi, kisha akarudi kwao kulima ngano, shamba liko Ainabkoi. Lakini bahari ilikuwa imeshamwingia. Kila mwaka akimaliza kuvuna alikuwa anateremka pwani wiki mbili, anaketi majini mpaka kifuani kama kiboko, haogelei, haongei, anaketi tu. Mwaka juzi akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia haisikii tena amri yake. Daktari akamkataza safari ndefu. Mtoto wake aliye ng'ambo alipoona baba anakauka kwa kukosa bahari, akasema basi bahari na ipande mlima. Akalipa fundi mmoja wa Nairobi, akaja akaweka sebuleni tangi la kioo la kufugia samaki, refu kama meza ya watu wanane, lina pampu, lina taa, lina mchanga mweupe, na maji yakakorogwa na chumvi ya bahari inayokuja kwa ndoo.

Siku hiyo nilikuwa pale nabadilisha vigae vya bafuni. Mke wake, Mama Salina, alisimama kando ya zile ndoo ameshika kiuno.

"Chumvi ndoo nne," akasema, "na hakuna hata nyama moja hapo ndani. Mombasa, hii ni akili kweli?"

"Mama, bahari ndivyo ilivyo," nikamwambia. "Nyama inakuja baadaye."

Wiki iliyofuata mawe yakafika. Hapa ndipo utakapofungua masikio. Yalikuja kwenye masanduku ya kuhifadhi baridi, yamefungwa kwa magazeti yaliyolowa, yametoka huko huko kwetu. Wanayaita mawe hai. Ndani ya vitundu vyake kuna wadudu, minyoo, majani, na vijidudu visivyoonekana vinavyokula uchafu wa samaki. Bila mawe hayo maji ya tangi huoza. Na unajua wanayatoa wapi? Fundi wa Nairobi alinieleza kwa simu. Siku hizi hawang'oi mwamba baharini, ni marufuku. Wanachukua mawe makavu yanayochimbwa timboni, yaleyale ya matumbawe uliyoyakata maisha yako yote, yaliyokufa tangu kabla ya babu wa babu, wanayazamisha baharini mwaka mzima na zaidi, na viumbe vinarudi kuyaingia. Nilishika moja mkononi, nikaona alama ya sururu ubavuni, mapigo matatu ya kulalia upande mmoja. Sisemi ni wewe uliyelipiga. Lakini huo ulikuwa mkono wa timbo letu, siwezi kuukosea. Lilikuwa na kaa mdogo amejibanza kwenye hilo pigo la kati, ananitazama kama mwenye nyumba.

Sasa fundi wa Nairobi alikuwa amekwama kwenye kazi nyingine, na mawe hayo hayawezi kungoja nje ya maji. Mama Salina akanigeukia.

"Wewe si mtu ya pwani? Hii mawe unajua kupanga?"

Baba, ungefanya nini? Mimi sikuwa nimewahi kuona tangi la namna hiyo hata kwenye televisheni. Nikamwambia, "Mama, mimi nimezaliwa juu ya hayo mawe. Baba yangu ni mwenye mawe."

Yule fundi akanipigia simu kunipa maelekezo. Alisema mengi. "Acha nafasi, unanisikia? Usiegemeze kwa kioo cha nyuma. Jiwe la chini likae kwa sakafu ya tangi, si juu ya mchanga." Mimi najibu sawa, sawa, sawa, huku nimeshaanza kuchagua jiwe la kona. Hiyo tabia ya kusema sawa kwenye simu bila kusikia, sijui nimeirithi kwa nani. Kadzo, hapo mtazame usoni uniambie kama amecheka.

Nikajenga ukuta. Na ukuta wenyewe, Baba, ungeuona! Kutoka kona mpaka kona, umeegemea kioo cha nyuma, kila jiwe limekaa kwenye mwenzake, hakuna pengo la kupitisha kidole. Nilitumia timazi. Nilitumia pima-maji, mikono imezama mpaka kwapani. Mahali palipobaki na tundu nikaziba kwa vipande vidogo. Mama Salina akaita majirani. Wakaja na viatu vyao vya bei, wakasema, "Wah, Mombasa, wewe ni noma." Fundi wa Nairobi akaomba picha. Nikamtumia picha nimesimama mbele ya tangi nikitabasamu, na kwa bahati mbaya mwili wangu ukaziba karibu kazi yote.

Mzee Kosgei peke yake hakunisifu. Siku hizi anaongea polepole, kila neno analivuta kama ndoo ya kisima. Alitazama kwa muda mrefu kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, kisha akasema:

"Hii ni ukuta."

"Ndiyo, Mzee. Umenyooka."

"Samaki atalala wapi?"

"Watazoea, Mzee."

Watazoea! Baba, mimi ni mjinga aliyesoma mpaka darasa la saba, lakini siku hiyo nilikuwa hata hilo la saba nimelisahau.

Samaki sita wakaja baada ya wiki tatu. Mmoja alikuwa mweusi mwenye mkanda mweupe shingoni, mzito wa kutembea, na Mzee akampa jina siku ileile. Akamwita Nahodha. Akiletewa chai asubuhi anasogezwa mpaka kwenye kioo, wanatazamana yeye na Nahodha, na Mama Salina aliniambia ameanza kumaliza uji. Nilipita kila siku kuangalia sifa zangu.

Siku ya tisa niliingia nikakuta harufu. Unajua harufu ya kinamasi cha mikoko maji yakiwa yamekupwa, ukitia mguu kwenye tope jeusi? Hiyo, sebuleni, Elgon View, karibu na makochi ya ngozi. Maji yamekuwa meupe kama ya mchele. Samaki wote wako juu, midomo nje, wanahema. Walikuwa hawana pa kujificha wala hewa ya kupumua. Na Mzee yuko palepale kwenye kioo. Alikuwa hapo tangu alfajiri, hakutaka kuondolewa. Mkono wake mzima ameuweka juu ya kioo, pale Nahodha alipokuwa.

Mama Salina alinivuta jikoni. Nilijua leo nafukuzwa.

"Mombasa, niambie ukweli. Wewe ulishawahi kupanga hii kitu?"

"Hapana, Mama."

"Na kwa nini ulisema?"

Yeye akafuta macho kwa kitenge. "Mimi sina shida na samaki. Samaki ni samaki. Lakini huyu mzee alikuwa amekataa kula miezi mitatu. Ameanza juzi tu. Sasa hii ikikufa yote, mimi nitamwambia nini?"

Nahodha alikufa mchana huo.

Nikampigia fundi wa Nairobi, safari hii nikasikiliza. Akaniuliza swali moja tu: "Maji inapita nyuma ya mawe?" Haipiti, nikasema. "Basi umeziba. Huko nyuma uchafu umekaa, hakuna hewa, umeoza. Na mchanga chini ya mawe pia umeoza. Hao wadudu wa kwa mawe nao wanataka kupumua. Hukujenga nyumba, umejenga kaburi."

Nilirudi sebuleni kuomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno, unanijua, hata nikiwa nimekosea napenda kukosea kwa ufasaha. Mzee akainua mkono wake wa kushoto kuninyamazisha. Hakufoka. Akaniuliza tu:

"Kwenu. Hii mawe. Mnapanga aje?"

Baba, nikatoka nje nikaketi juu ya ndoo ya chumvi.

Kwa sababu mimi nilijua. Nilikuwa nimejua tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Kwetu mawe hayo tunayapanga kwenye tanuu, tuyachome yawe chokaa, na anayeyapanga tanuu lake likaiva ni wewe. Nililiona tanuu lako palepale kwenye uwanja wa gari wa Mzee Kosgei: magogo chini yamepangwa mduara, tundu la katikati la kushushia moto, na mawe juu, moja moja, yanakutana kwa ncha na si kwa tumbo, kila mahali pana njia. Nilikusikia ukisema yale uliyokuwa ukiniambia kila mara na mimi nikiangalia barabarani: "Moto ni mgeni, mwachie mlango. Jiwe tafutia miguu mitatu, hewa tafutia njia."

Na nikakumbuka lile tanuu. Najua nawe unalikumbuka. Ulikuwa na homa, ukaniachia nipange mimi. Nikapanga vizuri, yaani kwa macho yangu vizuri, nikaziba kila tundu ili lipendeze kama nyumba. Moto ukafa katikati. Tulipofungua, mawe ya ndani yalikuwa mabichi, yameungua meusi tu kama mkate wa jiko baya. Kuni zote zimekwenda. Wewe hukunipiga wala kunitukana. Ulisimama ukatazama, ukavua shati, ukaanza kuyashusha moja moja na homa yako, ukapanga upya. Hata lile jiwe la juu kabisa, jiwe la kilele, ambalo siku zote ni mwenye tanuu peke yake anayeliweka, ulilipandisha ukitetemeka, na mimi nikasimama kando mikono mfukoni.

Mwezi uliofuata nikaondoka kwenda kujifunza saruji. Nikakwambia mbele ya Mama, Mungu amrehemu, kwamba chokaa ni kazi ya majivu na sitaki kuzeeka mweupe kama mzimu. Maneno hayo sijawahi kuyarudia wala kuyaomba msamaha. Nimekuletea redio, nimekuletea godoro, nimekuletea simu unayoikata. Msamaha sikuwahi kuuleta. Basi ndio huu, Baba. Nisamehe. Kadzo, hapo soma tena polepole.

Niliingia ndani nikamwambia Mama Salina, "Nipe kila chombo ulicho nacho kinachoshika maji." Akatoa ndoo, mabeseni, mitungi ya maziwa ya shambani, mpaka karai la kuogeshea wajukuu. "Hii ya kutengenezea mursik usiguse!" akapiga kelele, akikumbatia kibuyu chake cha maziwa ya mgando. Nikawasha pampu ndogo za hewa zilizokuja na tangi, nikahamisha samaki watano waliobaki, nikatoa mawe moja moja nikiyaweka kwenye maji ya chumvi yasikauke. Nikachota mchanga uliooza. Mama Salina akafungua madirisha yote, na baridi ikaingia kusaidia.

Kisha nikapanga tanuu. Mawe makubwa manne chini, kwenye sakafu yenyewe, juu ya karatasi ya plastiki nene ili kioo kisikwaruzwe, mbali na ukuta wa nyuma. Mchanga ukarudi baadaye kuyazunguka, kwa hiyo hata kaa akichimba, jiwe halina pa kuzama. Kila jiwe nililigeuza mkononi kutafuta miguu yake mitatu. Likikaa nalitikisa. Likicheza naliondoa. Katikati nikaacha tundu kubwa, lile la kushushia moto, na kutoka hapo njia za kutokea kila upande. Mzee Kosgei alikuwa ameketi mbele, mkono wa kushoto unaniongoza kama anayeegesha meli.

"Kushoto. Kidogo. Hapana. Hiyo... geuza."

"Hivi, Mzee?"

"Acha shimo. Nahodha alitaka shimo."

"Nahodha ameondoka, Mzee."

"Mwingine atakuja," akasema. "Acha shimo."

Tulifanya kazi mpaka mikono yangu ikakunjamana kama ya mtoto mchanga. Na nikwambie, Baba, kuna mahali jiwe lilinikataa mara nane. Ya tisa nikafumba macho, nikalipapasa kwa vidole kama ulivyokuwa ukifanya, likakaa. Hapo nikajua kwamba wewe ulikuwa unapanga kwa vidole hata macho yakiwa mazima.

Tulibadilisha maji kidogo kidogo kila siku. Siku ya nne yakaanza kung'aa. Wiki ya pili Mzee alinipigia kelele kutoka sebuleni, mtu asiyepiga kelele, nikakimbia nikidhani kioo kimepasuka. Alikuwa ananyoosha kidole. Kutoka kwenye tundu la jiwe lililokuwa nyuma ya ukuta wangu, lile nililodhani limekufa kabisa, alikuwa ametoka mnyoo mwenye kichwa kama unyoya, mwekundu, anajifungua na kujikunja. Halafu nyota ya baharini ndogo kama kifungo cha shati. Na yule kaa wa alama ya sururu yuko palepale kwenye pigo lake la kati, amenona, anapungia mkono wapita njia. Samaki watano hawako juu tena. Wanaingia mlango huu wanatokea ule, kama watoto wanaocheza kwenye jengo bovu.

Mama Salina alinipa chai ya maziwa na viazi, akasema, "Sasa umepanga kama mtu. Nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

"Si ulisema ni mwenye mawe? Hiyo haikuwa uongo basi."

Ndipo Mzee akauliza habari zako, na hapa ndipo ninapofika kwenye jicho. Keti, Baba.

Nilimweleza kwamba jicho la kulia chokaa ililimaliza zamani. Kwamba la kushoto lina mtoto wa jicho, na daktari alimwambia Kadzo linapasulika na utaona, lakini likiachwa likakomaa sana litaleta presha ndani, na hapo hata yeye atakunja mikono. Kwamba umekataa, unasema, "Nione nini tena? Vya kuona nilishaviona, na mama yenu hayupo." Kwamba nikitaja jicho kwenye simu, unaniambia salio litaisha, hata kama ni mimi niliyepiga.

Mzee akasema, na nimeyaandika kama alivyoyasema, maana aliniambia niandike:

"Mwambie mzee mwenzangu. Daktari aliniambia, presha iko juu, kunywa dawa. Nikasema, nitaanza nikivuna. Nilivuna." Akauinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauachia, ukaanguka mapajani. "Ona mavuno."

Mama Salina akageuka dirishani.

Baba, najua unayoyaogopa, ingawa huyasemi. Unamfikiria Mzee Charo, mwenzako wa timboni, aliyepasuliwa jicho akabaki na giza. Muulize Kadzo akueleze vizuri. Charo alifungua bandeji siku ya pili akaenda kusimamia watu wanaozimua chokaa kwa maji, vumbi likamwingia jichoni. Si hospitali iliyomharibu. Na nikikuita upasuliwe huku Eldoret, unaogopa kufia ugenini uzikwe kwenye udongo wa baridi kando ya mahindi. Nakuapia, mimi mwenyewe sikubali hilo, nitakubeba mgongoni mpaka Mavueni. Lakini mtu hafi kwa jicho. Ni upasuaji wa muda mfupi, unapasuliwa bila dawa ya usingizi, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Daktari wa macho wa huku ni jirani wa Mzee Kosgei, amekuja kuona lile tangi mara mbili, na amekubali akuone wewe kwanza kabla ya kuamua lolote. Ukifika akasema haifai, nitafunga mdomo. Mimi, kufunga mdomo! Fikiria hilo tu utakuja.

Basi la usiku usipande. Panda la asubuhi mpaka Nairobi, nitakuwa pale nikikungoja, tulale, kesho yake tupande pamoja. Kadzo atakusindikiza mpaka stendi ya Kilifi. Sweta uivae kuanzia Nakuru. Utalala kwetu, na mchana nitakupeleka kwa Mzee Kosgei mkae wawili, yeye haongei sana na wewe husikilizi sana, mtapatana.

Nisalimie shangazi anayeuza maandazi njia panda, umwambie simba hawapo huku, aache kuniombea hivyo. Msalimie mjomba fundi baiskeli, na mke wa marehemu kaka, mwambie ada ya mtoto imefika. Wasalimie vijana wa timboni wote, hasa wale wanaonidharau. Na ukipita pale kwenye mnazi, msalimie Mama, mwambie nimeomba msamaha hatimaye, ingawa ilibidi nifike juu ya mlima kwanza.

Jambo moja limebaki. Tulipomaliza kupanga, jiwe moja lilibaki mkononi mwangu, dogo, la kukaa juu kabisa. Lile la alama ya sururu ndilo litakalolibeba, na mahali pake pako tayari, miguu mitatu inalingoja. Nikataka kuliweka, mkono ukakataa. Mzee akaniuliza kuna nini. Nikamweleza desturi ya tanuu, kwamba jiwe la kilele huwekwa na mwenye tanuu, na kwamba mimi si mwenye. Akatikisa kichwa, akaniamuru nilishushe kwenye lile tangi dogo la chini linalosafisha maji. Liko huko mpaka leo, hai, limeota majani mawili ya kijani. Tangi lote linang'aa na juu pana pengo. Majirani wanauliza kwa nini halijaisha.

Kila asubuhi nikiingia, kabla hata ya salamu, Mzee Kosgei ananiuliza, "Mwenye tanuu amefika?"

Nimemwambia yuko njiani. Baba, watu wa nyumba hii nilishawadanganya mara moja. Usinifanye niwadanganye mara ya pili.

Ni mimi mwanao,
Kazungu,
ambaye huku anaitwa Mombasa